Kutafuta fedha za miradi ya elimu: mwongozo kwa afisa mpya

Kazi ya afisa wa kutafuta fedha katika shirika la elimu lisilo la kiserikali nchini Tanzania huanzia kwenye kuchagua: tangazo lipi la wafadhili ulifuate na lipi uliache. Tangazo likitoka, siku ya kwanza usiandike chochote. Soma masharti yote na viambatisho vyake. Shirika lenye bajeti ya TSh milioni 80 kwa mwaka likiomba ruzuku ya milioni 400, mfadhili ataona hatari, na hata akikubali, mhasibu mmoja atazidiwa na ripoti. Hapo ni bora kuingia kama mbia wa shirika kubwa zaidi.

Jalada la nyaraka liwe tayari muda wote: cheti cha usajili, katiba, risiti ya ada ya mwaka, namba ya mlipakodi (TIN), hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, na sera ya ulinzi wa mtoto. Hii ya mwisho wengi huinakili tu, kisha hukwama mfadhili akiuliza ni nani anayepokea malalamiko na anapatikana kwa namba gani.

Kabla ya kuandika, nenda kwa Afisa Elimu wa wilaya. Huwezi kuingia shule za serikali bila kibali cha TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), na vitabu au moduli za kufundishia zinahitaji ithibati ya serikali, kwa hiyo vipangie miezi yake. Andiko la kuomba fedha linaloweka mafunzo ya walimu Septemba, wakati darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa, linaonyesha kwamba mwandishi hazijui shule.

Maandiko mengi huharibikia kwenye bajeti. Tuchukue mradi wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) katika shule 20. Unafundisha walimu wawili kila shule kwa siku tano. Tuseme posho ni TSh 60,000 kwa siku na nauli 30,000 kwa mtu: walimu 40 wanagharimu 13,200,000. Inaonekana imekamilika. Lakini mwalimu mkuu asipohudhuria, mbinu mpya haziingii kwenye ratiba ya shule, na bila Maafisa Elimu Kata hakuna atakayefuatilia mradi ukiisha. Ongeza walimu wakuu 20 na maafisa kata wanne: 7,920,000 nyingine. Jumla sasa ni 21,120,000, na bado hujaweka ukumbi, chakula, wawezeshaji wala uchapishaji. Ukisahau watu hao 24, fedha zao zitachukuliwa kwenye ufuatiliaji darasani, yaani sehemu inayomsaidia mtoto zaidi.

Gharama za uendeshaji nazo ziombe waziwazi: kodi ya ofisi, mhasibu, ukaguzi. Katika ruzuku za serikali ya Marekani, kiwango cha gharama hizi kinachoruhusiwa bila majadiliano kilipanda kutoka asilimia 10 hadi 15 Oktoba 2024. Kuziomba si aibu. Shirika linalozificha hulipa mishahara kwa kuchelewa. Mkataba ukiwa wa euro au dola, weka pia tahadhari ya mabadiliko ya thamani ya shilingi.

Fedha zikipatikana, kazi yako inaendelea. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali (NGOs) za 2018 zinataka mkataba wa fedha zinazozidi TSh milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili wa NGOs ndani ya siku 10. Weka tarehe za ripoti kwenye kalenda siku ileile ya kusaini.

Usitegemee mlango mmoja. USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, iliacha kutekeleza misaada Julai 1, 2025, na mashirika yaliyoishi kwa fedha zake pekee yaliumia vibaya. Tafuta pia kampuni za ndani. Mfuko wa Elimu ulio chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania ni njia mojawapo ya kampuni hizo kuchangia elimu.

Kuhusu ajira yenyewe, waliotokea ualimu, uhasibu au tathmini ya miradi huimudu vizuri. Ukiahidiwa kulipwa asilimia ya fedha utakazoleta, kataa na udai mshahara. Maadili ya taaluma hii yanakataza malipo hayo, kwa sababu yanamsukuma afisa kufuata fedha yoyote, hata ile isiyohusu watoto shirika linaowahudumia.

Andiko likikataliwa, mwandikie mfadhili ndani ya wiki moja ukiomba alama na maoni ya wasomaji. Hata yakiwa mafupi, yaweke kwenye jalada. Tangazo lijalo la mfadhili yuleyule huanzia hapo.