Jinsi ya Kuandika Hadithi ya Nairobi Ijayo kwa Kuanzia Kwenye Mtungi

Anayetaka kuandika hadithi ya Nairobi ya miaka 50 ijayo, jiji lililokaushwa na jua na kuuzwa kipande kwa kipande, asianze na magofu ya majumba marefu. Aanze na mtungi wa lita 20, ule wa manjano uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia, ambao kifuniko chake kilipotea zamani na sasa umezibwa kwa gunzi la mahindi. Ajiulize ni nani aliyeujaza, kwa bei gani, na aliyeukosa atafanya nini kabla ya jua kutua.

Chagua jambo lililopo tayari, kisha ulisogeze mbele kidogo tu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, Murang'a, na mvua ikikosekana huko, mgao hubana huku. Mwaka 2015, Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, iliwekewa vibanda ambamo mtu hupitisha kadi yenye salio na maji yakatoka. Vililetwa ili kupunguza bei, na ni haki kulisema hilo. Lakini mwandishi ana ruhusa ya kuwaza itakuwaje siku vitakapomilikiwa na tajiri mmoja anayepandisha bei kila joto linapopanda. Hadithi haihitaji roboti.

Mhusika asiwe rais wala mkombozi. Mimi ningemchagua mama fua, anayelipwa kufulia watu nguo, kwa kuwa kazi yake yote imo ndani ya maji:

Aligusisha kadi. Mashine ikahesabu lita nne, ikanyamaza.
"Salio limeisha, Mama Kevo," kijana wa kibanda akasema bila kuinua macho.
"Niongezee mbili tu, mwanangu. Nitakulipa jioni nikishaanua."
"Haikopeshi, mama. Ingekuwa mimi, tungeelewana."

Hakuna aliyelia hapo, wala hakuna aliyetaja tabianchi au ubepari. Ukijikuta unamwandikia mama fua hotuba kuhusu mambo hayo, ifute, kwani bei ya mtungi imeshayasema.

Ukame nao usiusimulie peke yake. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilifurisha Mto Mathare, nyumba zikasombwa, kisha serikali ikabomoa nyingine zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo Mama Kevo anaweza kusimama katika maji ya magotini, yenye tope na kinyesi, akiwa hana tone la kufulia, na siku hiyohiyo akaambiwa ahame. Sehemu hii iandike polepole.

Rasimu nyingi, zangu zikiwemo, huishia kwa mvua ya neema. Ikatae. Mwache mama huyo ameinamia beseni lenye lita nne, akichagua nguo za nani zitangulie.