Kufundisha fizikia na kemia kwa historia ya vita: hatua ninazofuata hapa Lubumbashi

Mwenzangu anayefundisha Katuba aliniomba nimwonyeshe jinsi ninavyotumia vita vya zamani kufundisha sayansi. Masomo ya kwanza tuliyafanya pamoja darasani kwake, mengine akaendelea mwenyewe huku akinipigia simu kila akikwama. Nimeandika hapa tuliyoyafanya, pamoja na majibu ya simu zake. Kuandaa fishi ya somo na kugawa saa unajua, sitayagusa.

Kinachoongoza hatua zote ni hiki: bunduki haifundishi sana. Ukitaja vita, darasa linakimbilia bomu, makelele yanapanda, kengele inalia na hakuna kilichopimwa. Lakini jeshi linabeba mizigo, linakula, linaugua, na vyuma vyake vinashika kutu. Sayansi nyingi iko huko.

Hatua ya 1: Chagua shida, usichague vita

Usianze na "leo tutasoma Vita ya Kwanza ya Dunia." Hilo ni somo la mwalimu wa historia, mwachie. Anza na shida moja iliyowatoa watu jasho, uiandike kwenye tablo kama swali linaloweza kujibiwa kwa mita, kilo au dakika. Kama huwezi kuliandika swali hivyo, tafuta shida nyingine.

Hatua ya 2: Weka mpaka kabla hujaingia darasani

Katika madarasa yetu wako watoto waliokimbia kutoka Goma, Bukavu na sehemu nyingine za mashariki. Kwao vita si hadithi. Kwa hiyo mimi sivuki mwaka 1945. Hata mambo ya Katanga kujitenga, 1960 hadi 1963, siyagusi, kwa sababu yana babu na shangazi walio hai, na jioni wazazi watakuja kukuuliza ulikuwa upande gani. Mwambie prefe, yaani mkuu wa shule, mapema unachofanya. Hakuna picha za maiti. Hakuna kutengeneza kitu kinacholipuka, hata kidogo, hata mwanafunzi akileta vifaa vyake mwenyewe.

Hatua ya 3: Boti juu ya mlima

Hili ndilo somo la kuanzia, kwa sababu lilipita hapa kwetu. Mwaka 1915 Wajerumani walikuwa wanatawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao. Waingereza wakaleta boti mbili za injini, zenye urefu wa mita 12 hivi kila moja, zikiitwa Mimi na Toutou (darasa litacheka, liache licheke). Zilisafiri kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni, zikapita Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na kushushwa Fungurume. Kutoka hapo zilivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa trekta za mvuke, kwa ng'ombe na kwa nguvu za watu, mpaka Sankisia. Kisha reli tena hadi Bukama, mto Lualaba, reli nyingine kutoka Kabalo, ndipo zikafika ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani.

Swali la tablo: kwa nini wasingezinyanyua tu boti hizo?

Chukua ubao wa mita 2, inua ncha moja sentimita 50. Vuta tofali kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Bila msuguano ungehitaji robo ya uzito wa tofali. Wanafunzi watapata kubwa zaidi, pengine karibu robo tatu, kutegemea ubao wako, na watasema mteremko ni uongo. Hapo weka tofali lilelile juu ya gari la waya, yale wanayotengeneza watoto, mvute tena. Namba itashuka mbele ya macho yao. Sasa watakuambia wenyewe kwa nini watu wa Mitumba walihitaji magurudumu na barabara iliyosawazishwa, na kwa nini kamba ndefu zaidi ya kuvuta ndiyo bei ya kani ndogo.

Hatua ya 4: Meli iliyopakwa grisi

Fupi. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, karibu na Kigoma. Kabla ya kuizamisha walipaka mitambo grisi nyingi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Misumari minne, chupa nne: maji ya kawaida, maji yenye chumvi, maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta, na msumari uliopakwa grisi ndani ya maji ya kawaida. Subiri wiki moja. Wanafunzi waandike kutu inahitaji nini.

Hatua ya 5: Mzinga wa maji

Silaha moja tu naikubali, kwa sababu mwendo wa kitu kilichorushwa hauepukiki humanite (sekondari ya juu) ya sayansi. Mwaka 1537 Tartaglia wa Italia alichapisha jibu la swali la wapiga mizinga: pembe ipi inapeleka risasi mbali kuliko zote? Alisema digrii 45. Umbo lenyewe la njia, yaani parabola, lilielezwa na Galileo katika kitabu chake cha 1638.

Kuna walimu wanaotumia manati. Sipendi. Kila mwanafunzi anavuta mpira kwa nguvu yake, hakuna namba mbili zinazofanana, na njiwa wa jirani wanapata taabu. Maji ni bora: mchirizi unachora njia yote hewani na kubaki hapo, unaweza kuutazama na kuuchora.

Vifaa: bido gumu la njano la mafuta, lita 5, lenye kifuniko chake. Mpira mweupe wa mafundi masoni, ule wa kupimia usawa wa ukuta. Bomba jembamba la plastiki, urefu wa bido. Ncha ya biki iliyotolewa kijipira chake, ya kuchomeka mwisho wa mpira. Mshumaa. Kipimapembe chenye uzi na nati.

Usitumie mpira wa seramu wa hospitali. Unapatikana kirahisi, najua, lakini ni mwembamba mno: maji yanapoteza nguvu ndani yake kabla ya kutoka. Njia iwe pana, mdomo tu ndio uwe mwembamba.

Hapa sasa ndipo saa zinapopotelea, kwa hiyo nitaenda polepole.

Ukitoboa bido na kuacha wazi juu, kadiri maji yanavyoshuka ndivyo mchirizi unavyofupika. Kundi la kwanza linapima digrii 30 likiwa na maji mengi, kundi la mwisho linapima 60 maji yakiwa yameisha, na matokeo hayasemi lolote. Dawa yake ilivumbuliwa na Mariotte, Mfaransa wa karne ya 17. Toboa kifuniko matundu mawili. Tundu moja lipitishe mpira wa kutolea maji, ufike chini kabisa ya bido. La pili lipitishe bomba la hewa, mdomo wake wa chini ukae sentimita 10 juu ya sakafu ya bido. Ziba pande zote kwa nta ya mshumaa. Jaza, funga, vuta maji kwa mdomo mpaka yaanze kushuka.

Ikifanya kazi, utaona mapovu yakitoka mdomo wa chini wa bomba la hewa, moja moja, bila kukoma. Mapovu ndiyo kila kitu. Kama maji yanatoka na mapovu hakuna, hewa inaingia kwa njia nyingine, na karibu kila mara ni kwenye uzi wa kifuniko. Funga kipande cha mpira wa baiskeli chini ya kifuniko, kaza tena. Na bido liwe gumu kweli: chupa nyembamba ya maji ya kunywa inabonyea kwa ndani maana hewa ya juu ina shinikizo dogo kuliko ya nje, na mchirizi unakuwa unapumua.

Nguvu ya maji sasa haipimwi kutoka juu ya maji. Inapimwa kutoka mdomo wa chini wa bomba la hewa hadi ncha ya biki. Mwenzangu aliniuliza hili mara kadhaa, kwa hiyo nalirudia: mdomo wa bomba, si uso wa maji. Maji yakishuka chini ya mdomo huo, simamisha kupima na ujaze.

Weka bido juu ya matofali yenye kimo cha sentimita 30. Ongeza zile 10 za ndani, una 40. Ncha ya biki iwe chini kabisa, kwenye sementi ya uwanja. Hesabu inasema mwendo wa maji ni kama mita 2.8 kwa sekunde, na umbali mkubwa kuliko wote ni mara mbili ya kimo: sentimita 80, kwa digrii 45. Digrii 30 na 60 zote zinatua kwenye 69, na wanafunzi hawaamini mpaka wapime. Wewe utapata pungufu, kwa sababu ya msuguano ndani ya mpira. Namba si lazima zifike 80. Lazima 30 na 60 zikaribiane, na 45 iwe juu yao.

Kosa la kawaida, na linakera kwa sababu linaonekana kama fizikia imevunjika: ncha iko juu ya meza, maji yanatua sakafuni. Basi 45 haishindi tena. Meza ikiwa na sentimita 80 na kimo cha maji kile kile cha 40, pembe inayoshinda ni digrii 30. Kundi lote litakuambia Tartaglia alidanganya. Hakudanganya, swali limebadilika, maana risasi inatua chini kuliko ilipotoka. Ukiwa na muda, lifanye hilo makusudi siku ya pili na uwaachie walitafute jibu. Ni somo zuri kuliko la kwanza.

Tena: ukigeuza pembe, geuza ukiwa umeshika ncha yenyewe mahali pake. Ukishika nyuma, ncha inapanda na kushuka, na hizo sentimita chache zinaharibu kulinganisha. Siku ya upepo usifanye.

Hatua ya 6: Gesi inayotambaa

Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres huko Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia klorini. Gesi hiyo ni nzito karibu mara mbili na nusu kuliko hewa, kwa hiyo ilimiminika ndani ya mahandaki waliyojificha askari. Usitengeneze klorini kamwe, na waambie wanafunzi kwamba maji ya javel hayachanganywi na asidi, hata kwa kusafisha choo. Tumia gesi ya kaboni: siki na bikaboneti ndani ya ndoo yenye mishumaa mitatu ya vimo tofauti. Mfupi unazimika kwanza. Waliotoka Goma watasema mara moja "mazuku," ile gesi inayokaa mabondeni kule na kuua mbuzi na watu. Waache wao waeleze, darasa lisikilize.

Hatua ya 7: Shinkolobwe

Urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, upande wa Likasi. Kwa nusu uhai, yaani muda ambao nusu ya atomi zinavunjika, vitabu vinasema rusha sarafu. Sisi hatuna sarafu, tuna noti tu. Rusha vifuniko 100 vya soda, toa vilivyolala kifudifudi, hesabu vilivyobaki, rudia, chora grafu. Vifuniko havilali sawa pande mbili, na haidhuru: mradi kila mrusho una bahati ileile, mkunjo wa grafu ni uleule, nusu uhai tu ndio unabadilika. Jiwe lolote la mgodini ambalo mwanafunzi ataleta, lirudi nje.

Hatua ya 8: Swali la mtihani

Liandike kwa Kifaransa, kama Egzetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) itakavyoliandika, ingawa mabishano yote yalikuwa kwa Kiswahili. Mfano wangu: "Mzigo wa kilo 2 000 unapandishwa mlima wa mita 300 kwa barabara ya kilomita 6. Tafuta kani ya chini ya kuuvuta, kisha eleza kwa nini kani ya kweli ilikuwa kubwa zaidi." Jibu la sehemu ya kwanza ni niutoni 980. Alama nyingi weka kwenye sehemu ya pili.