Kuchora ramani ya mafuriko ya mtaa, hatua kwa hatua

Pimeni kimo cha mafuriko mara maji yanapokauka, kabla watu hawajapaka rangi kuta. Wawili wanatosha: mmoja na futi kamba, mwingine na simu yenye GPS na daftari. Tafuteni mstari wa tope ukutani, kisha pimeni kutoka ardhi ya nje, siyo sakafu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: nyumba nyingi za Kigogo au Tandale, Dar es Salaam, zimeinuliwa msingi, na sentimita 40 za ndani zinaweza kuwa 90 za nje. Pigeni picha futi ikiwa imesimama ukutani, namba zisomeke.

Simu ikae nje, mbali na bati, mpaka kosa la GPS linaloonyeshwa lishuke chini ya mita 5. Mstari umefutika? Ulizeni majirani watatu, kila mmoja peke yake; wakikaa pamoja watamfuata anayesema kwa sauti.

Mto Msimbazi haujui mipaka ya kata. Mitaa ya ng'ambo zote mbili ikubaliane fomu moja na tarehe ileile ya mafuriko, la sivyo ramani zitagombana mezani manispaa. Chukueni ramani ya msingi OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani pamoja na wakazi, umeshachora nyumba na mifereji mingi ya Dar.

Ramani ikishaonyesha walioathirika, orodha ya msaada iandikwe kwa kaya, siyo kwa nyumba. Mwenye nyumba akiandikwa peke yake, wapangaji sita wanakosa unga. Kila anayepokea asaini siku hiyohiyo. Saini za kukusanya baadaye ndizo mkaguzi huzikataa, na fedha hudaiwa zirudi.