Mita mia moja za kuvukia: kuwafunza watoto barabara iliyo nje ya lango la shule

Mtoto wa Nairobi huanza kuambiwa "kulia, kushoto, kulia tena" akiwa chekechea, na ni sahihi: magari yetu hupita upande wa kushoto, kwa hiyo la kwanza kumfikia hutoka kulia. Taabu ni kwamba wengi hugeuza shingo, huliona gari, kisha huvuka vilevile. Hawajui kama liko mbali vya kutosha. Hicho ndicho cha kufunzwa kwanza, tena uwanjani, si barabarani.

Pigeni mistari miwili kwa unga wa chokaa, iachane mita 7, ambao ni upana wa kawaida wa barabara ya leni mbili. Mtoto avuke akitembea, begi mgongoni, mwenzake akihesabu kwa saa. Wengi watatumia sekunde 6 hadi 8. Gari la kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo katika sekunde 7 limeshakwenda mita 98. Chukueni kamba ya mita 10, mwilaze mara kumi, na mwalimu mmoja asimame mwisho wake na ndoo nyekundu. Gari lililo karibu kuliko ile ndoo halivukiwi. Watoto watabisha kwamba ni mbali mno. Waacheni wabishe, kisha warudie hesabu wenyewe. (Uwanja ukiwa mfupi, kama ilivyo kwa shule nyingi za mtaani, pimeni kando ya ua.)

Atauliza mmoja: si dereva atafunga breki? Mwambieni kwamba kwa mwendo huohuo, kwenye lami kavu, gari husimama baada ya mita 28 hivi, na karibu nusu ya hizo huisha kabla mguu haujagusa breki. Mvua ikinyesha, huzidi.

Kukimbia msikuruhusu. Anayekimbia huteleza, huangusha kiatu na kukirudia. Barabara ya leni nne ni zaidi ya mita 14, na hesabu ya mtoto haifiki huko. Kwenye Thika Road au Outering Road apande daraja la miguu, hata kama ni mzunguko mrefu.

Sasa tokeni nje, watoto sita kwa watu wazima wawili, baada ya saa nne asubuhi. Simameni hatua moja kubwa nyuma ya ukingo wa lami, maana matatu hupanda ukingo. Waonyesheni foleni: magari yamesimama, bodaboda hazijasimama. Mtoto apite mbele ya gari la kwanza, asimame kwenye kona yake, achungulie pande zote mbili, ndipo aendelee. Akishuka matatu, asubiri iondoke kwanza. Akiwa nyuma yake haonekani. Dereva akimpungia mkono avuke, bado atazame leni ya pili, kwa sababu wa nyuma huenda anampita huyo muungwana.

Wanaotoka nyumbani kabla ya kupambazuka hutembea gizani, wengi na sweta nyeusi au ya buluu. Shoneni utepe unaoakisi taa kwenye begi, mbele na nyuma.

Mwisho, tumieni watoto kupima barabara yenyewe. Wakiwa ndani ya ua, wachague nguzo mbili zilizoachana mita 50. Gari linalopita chini ya sekunde 3.6 limezidi kilomita 50 kwa saa. Wahesabu magari kwa nusu saa, na waweke alama wanafunzi wanapovukia hasa, maana kivuko cha milia mara nyingi huwa kimechorwa kwingine. Takwimu hizo ndizo za kuombea matuta au kivuko. Ulizeni kwanza barabara ni ya nani: KURA (mamlaka ya barabara za mijini), KeNHA (mamlaka ya barabara kuu) au kaunti, la sivyo barua itazungushwa miezi. Pelekeni nakala mbili, moja irudi shuleni na mhuri wa kupokelewa.