Kutoka Barafu Inayoyeyuka hadi Nakshi ya Khanga: Mwongozo kwa Wabunifu

Juni 2000, katikati ya majira ya joto, wakazi wa London waliamka na kukuta madonge makubwa 13 ya theluji yamewekwa katika mitaa ya jiji lao. Msanii Andy Goldsworthy alikuwa ameyaunda Uskoti wakati wa baridi na kuyahifadhi kwenye ghala la ubaridi, na ndani yake alikuwa amefungia vitu kama sufu ya kondoo, manyoya ya kunguru, shayiri, chaki na waya wa miiba. Kadiri theluji ilivyoyeyuka ndivyo vitu hivyo vilivyojitokeza, na sura ya kila donge ikawa inabadilika hadi donge lenyewe likaisha. Msanii huyohuyo amewahi pia kuacha theluji yenye udongo iyeyuke juu ya karatasi, na alama zilizobaki baada ya maji kukauka ndizo zilizokuwa mchoro. Kwa mbunifu wa nakshi, kazi hii ya pili ina manufaa zaidi, kwa kuwa huacha kitu kinachoweza kupimwa na kunakiliwa. Hapa ninaeleza namna ya kufuata njia hiyo kwa barafu ya friza ya nyumbani, hadi kupata nakshi inayofaa kuchapwa kwenye khanga.

Vifaa ni vichache: vikopo vya plastiki vya ukubwa tofauti, ubao bapa, karatasi nene ya rangi za maji (yenye gramu 300 kwa mita ya mraba hustahimili maji vizuri), chumvi ya mawe, rula na simu yenye kamera. Usitumie chupa ya kioo kugandishia, kwa sababu maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9 na kioo hupasuka.

Rangi zinahitaji kufikiriwa zaidi. Zipo zinazoyeyuka kabisa ndani ya maji, kama rangi ya chakula na wino, na zipo ambazo ni chembechembe tu zinazoelea kwa muda kisha kutuama, kama udongo mwekundu uliochekechwa, unga wa mkaa au manjano ya kusaga. Aina ya kwanza huenea kwa ulaini na kuacha mpito mpole kati ya sehemu iliyokolea na iliyofifia. Aina ya pili huacha mistari, kingo na michirizi. Ninashauri kuanza na udongo, maana mistari ndiyo inayogeuka kuwa nakshi kwa urahisi.

Ukigandisha maji ya rangi utaona kwamba ganda la nje limekuwa jeupe na rangi imejikusanya katikati. Fuwele za barafu zinapojijenga hazipokei kwa urahisi kitu kisicho maji, hivyo huisukuma rangi mbele yake kuelekea sehemu inayoganda mwisho. Matokeo yake ni kwamba donge likianza kuyeyuka, maji yanayotangulia huwa mepesi na yanayofuata hukolea, na jambo hili linakuwezesha kupanga mapema lipi litokee kwanza. Ukitaka rangi isambae kwa usawa, gandisha kwa tabaka nyembamba, moja juu ya nyingine, kila tabaka likiwa limeshika kabla ya kumimina linalofuata. Udongo hutuama chini ya kikopo kabla maji hayajaganda. Ili kuuzuia, subiri maji yawe uji wa barafu, ndipo uukoroge ndani yake.

Bandika karatasi kwenye ubao kwa utepe wa gundi pande zote nne ili isijikunje, kisha weka donge juu yake. Usiwe na haraka. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri huhitaji kilojuli 334 hivi, yaani joto linalokaribia lile la kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80 za Selsiasi, na kwa sababu hiyo donge kubwa linaweza kuchukua saa nyingi hata katika chumba chenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Ukiinua kidogo upande mmoja wa ubao utapata michirizi. Ukielekeza feni upande mmoja, donge litaliwa zaidi upande huo. Chumvi ya mawe ikinyunyizwa juu hushusha kiwango cha kuyeyukia pale ilipogusa na kuchimba vijishimo na mifereji ambayo rangi huifuata.

Kazi iliyo muhimu kuliko zote ni kuweka kumbukumbu, na ndiyo ambayo wengi huipuuza. Funga simu juu ya ubao ikitazama chini moja kwa moja, weka rula kandokando ya karatasi, na upige picha kila baada ya dakika tano bila kuisogeza simu. Wakati donge linapungua kuelekea ndani, dimbwi la maji linapanuka kuelekea nje, kwa hiyo kila picha ina kingo mbili zinazokwenda pande tofauti. Chapisha picha zote kwa kipimo kimoja, kisha chora kingo hizo, picha baada ya picha, kwenye karatasi moja inayopitisha mwanga. Utapata mistari iliyobanana pale barafu ilipoyeyuka polepole na iliyoachana pale ilipoyeyuka haraka. Kwa maoni yangu mchoro huu una thamani kuliko doa la mwisho linalobaki kwenye karatasi, kwa kuwa unaonyesha mwendo wote, ilhali doa huonyesha mwisho wake tu.

Hata hivyo, doa nalo lina zawadi yake. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwa nini tone la kahawa likikauka huacha ukingo mweusi: maji hukauka upesi zaidi pembezoni, kwa hiyo maji ya katikati hutiririka kwenda kuziba pengo hilo yakibeba chembechembe. Karatasi ikiachwa bapa bila feni wakati wa kukauka, ukingo huo hujitokeza vizuri, na unaweza kuwa msingi wa pindo la khanga.

Usichape doa zima kama lilivyo. Chagua mistari michache yenye nguvu na uipunguze iwe na rangi mbili au tatu, kwani katika uchapaji wa skrini (kupitisha rangi kwenye wavu uliowambwa katika fremu) kila rangi huhitaji fremu yake. Mistari ya kuyeyuka iingie kwenye mji, yaani sehemu ya kati ya khanga. Msanii Olafur Eliasson alipopeleka mapande 12 ya barafu ya Greenland mjini Paris mwaka 2015, aliyapanga kwa duara kama uso wa saa, na mpangilio huo unafaa hapa pia: hatua 12 za kuyeyuka zikizunguka katikati ya khanga. Kipande cha ukingo kirudiwe kwenye pindo kwa hesabu kamili. Kwa mfano, katika kitambaa cha sentimita 150 kwa 110 chenye pindo la sentimita 10, baada ya kutoa pembe hubaki 130 na 90, kwa hiyo kipande cha sentimita 10 hurudiwa mara 13 upande mrefu na mara 9 upande mfupi bila kukatika. Acha nafasi ya jina, yaani usemi wa khanga, chini ya mji tangu mwanzo, maana maneno yakiongezwa mwishoni huifinya nakshi.

Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha pamba, ukifue na kukianika kabla ya kuagiza doti nzima. Karatasi za asili zihifadhi gizani, kwa sababu rangi ya chakula hufifia ikipigwa na mwanga, na nyuma ya kila moja andika ujazo wa maji, aina ya rangi, kiasi cha chumvi na saa donge lilipowekwa.