Mwenzenu akinaswa na kausha damu, kikundi mfanye nini

Hii naiandika kwa watu wa vikoba, jumuiya za kanisani, akina mama wa msikitini, majirani wa nyumba za kupanga, kwa hapa Arusha lakini hata Moshi mambo ni yaleyale. Maana kausha damu, yaani hii mikopo ya haraka yenye riba kubwa na rejesho la kila siku au wiki, haimkuti mtu wa mbali siku hizi, ni yule mama mliyekaa naye benchi moja kwenye hisa wiki iliyopita, wiki hii hayupo, simu imezimwa, meza yake pale Kilombero kakalishwa mtoto wa darasa la sita, ukiuliza unaambiwa mama kasafiri Babati. Hajasafiri popote, anakimbia rejesho.

Mjadala wake mnaujua. Ukipanda hiace ya Kwa Mrombo utasikia hawa wanasema serikali ifunge hizo ofisi zote, na wale wanasema wanawake wanajitakia wenyewe, wanakopa wanunue sare za sendofu. Mi wote siwaelewi. Wasiofuata sheria wafungiwe, sawa, na Benki Kuu (BoT) Novemba 2024 ilitaja programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila kibali. Ila ukifunga ofisi huku mtoto karudishwa nyumbani kwa ada, mama ataenda kwa mkopeshaji wa uchochoroni asiye hata na bango. Na wa sendofu wapo sikatai, lakini ninaowaona mimi wengi ni ada ya Januari, mgonjwa kalazwa, au mtu kanunua matenga mawili ya nyanya Tengeru Jumamosi mvua ikapiga siku tatu zikamwozea. Sasa wakati nyie mnabishana nani mwenye kosa, afisa mikopo saa kumi jioni anagonga geti.

Basi cha kwanza, swali la "kwa nini ulikopa" lifungieni kabatini, mtamuuliza mwakani akishamaliza deni. Hao jamaa hawategemei friji yake jamani, friji ya mtumba inayovuja gesi watauza shilingi ngapi? Wanategemea aibu. Ndo maana wanakuja na kelele, wanakaa mlangoni mpaka watoto warudi shule, wanampigia shemeji, wanampigia mchungaji. Akishajua kwamba nyie mnajua na hamjamcheka, ile nguvu yao kubwa imeshapungua. Kwa hiyo msilirushe kwenye grupu la WhatsApp hata kwa nia nzuri ya kumwombea, chagueni watu wawili tu, mmoja awe mzuri wa hesabu mwingine awe na mdomo wa upole, waende kwake na daftari.

Mkifika mwambieni atoe kadi ZOTE za rejesho. Atatoa moja. Subirini, kunyweni chai, ongeeni habari za watoto, maana ya pili ipo, na kuna mama aliingia jikoni akarudi na ndoo ya unga, akachota pembeni akatoa kimfuko cha nailoni, ndani kadi tatu za ofisi tatu tofauti, moja ya pinki imeloa jasho namba hazisomeki vizuri. Mkopo wa pili ulikuwa wa kulipa wa kwanza, wa tatu kulipa wa pili. Hivyo ndivyo inavyokuwa karibu mara zote, kwa hiyo bila kadi zote hesabu yenu ni ya uongo.

Hesabu sasa, na hapa msiwe na haraka. Kila deni liandikieni mistari minne: hela aliyoshika mkononi (sio iliyoandikwa kwenye fomu), rejesho la kila siku au wiki, ameshalipa kiasi gani, na faini. Mfano: kaandikiwa laki moja, wakakata elfu kumi ya fomu na "bima", kashika tisini, analipa 4,500 kila siku kwa siku thelathini. Hiyo ni 135,000. Yaani kwa tisini elfu aliyoishika katoa elfu arobaini na tano juu, nusu nzima, kwa mwezi mmoja, tena hiyo tisini hajakaa nayo mwezi maana kaanza kurudisha kesho yake asubuhi. Wengi hawajawahi kuona hesabu yao imeandikwa hivi, wanajua tu elfu nne mia tano ya leo. Sasa linganisheni: BoT iliweka ukomo wa riba kwa hawa wakopeshaji wasiopokea amana (hawatunzi akiba za watu, wanakopesha tu), asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki ni 3,500. Huyu mama katoa 45,000 juu ya alichoshika.

Afu muangalie leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imegawa daraja nne, hizi ofisi za mikopo ni daraja la pili na lazima ziwe na leseni ya BoT, majina ya wenye leseni yapo kwenye tovuti yao, na tawi lao lipo hapahapa Arusha mjini kwa mwenye malalamiko. (Kikoba chenu nacho ni daraja la nne, kinatakiwa kisajiliwe kupitia halmashauri, msije mkaenda kuuliza leseni ya watu na nyie karatasi hamna.)

Kwenda kuongea na mkopeshaji nendeni asubuhi, ofisini kwao, msisubiri waje nyumbani. Mama aende na wale wawili, na kama mwenyekiti wa mtaa wenu ni mtu wa watu mwombeni asindikize. Mnaongea kwa heshima: "Shikamoo mzee, sisi hatujaja kugombana, tumekuja kulipa, tunaomba nakala ya mkataba na taarifa ya alicholipa mpaka leo." Hiyo taarifa tu inawababaisha wengi. Mkishaipata mnawatajia ile hesabu mliyoipiga, mnaomba faini zisimame na rejesho la kila siku ligeuzwe la wiki, maana mwenye genge siku moja anauza siku mbili hauzi. Wakikubali iandikwe, isainiwe, mpige picha. Neno la mdomo la afisa mikopo halina thamani, kesho kahamishiwa Singida anakuja mwingine na kadi yake mpya.

Wakikataa kabisa? Barua BoT, ambatanisheni nakala za kadi na ile hesabu yenu. Na msaada wa kisheria wa bure upo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua mpaka wasaidizi wa kisheria wa huku mitaani, ulizeni ofisi ya kata watawaelekeza.

Kuna vitisho vitatu vinavyowatisha sana akina mama, na inabidi mviseme kwa sauti pale sebuleni ili avisikie. Kimoja "tutakufunga". Deni la kukopa ni kesi ya madai, sio jinai, na polisi sio wakusanya madeni, labda kama aliweka dhamana ya kughushi hapo ni habari nyingine kabisa. Kingine "tutabeba vitu". Hawana ruhusa ya kuingia ndani kwa mtu kwa nguvu wakabeba kitanda eti kwa sababu anadaiwa, kuna utaratibu, wakija aite majirani na mwenyekiti, waulizwe karatasi, na wakimshika au kumtukana aende dawati la jinsia pale polisi. Cha tatu ni kadi ya benki, hii ni zaidi kwa walimu, walinzi na wastaafu, unakuta mtu kaacha kadi na PIN kwa mkopeshaji, mshahara ukiingia wanautoa wao wanamwachia elfu ishirini ya nauli. PIN haitakiwi kujulikana na mtu mwingine yeyote. Aombe kadi yake kwa maandishi, wakigoma aende benki aifunge achukue mpya. Kufunga kadi sio kukimbia deni, deni atalipa ila kwa mkono wake mwenyewe.

Wale wa mtandaoni mchezo wao ni tofauti, hawana ofisi ya kwenda kuongea. Ukipakua programu yao inavuta namba zote za kwenye simu yako, ukichelewa siku mbili wanawatumia meseji watu wote kuwa wewe ni tapeli, wengine na picha yako juu. Ukipata meseji kama hiyo ya mwenzako usiisambaze hata kwa dada yako, piga skrinshoti mtumie yeye kimyakimya, ni ushahidi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake inapokea malalamiko, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa hayo matusi. Na aifute hiyo programu, ila baada ya kupiga picha kila kitu.

Hela ya kulipia sasa. Kama kikoba kina mfuko wa jamii mnaweza kumkopesha kwa riba yenu ndogo, ila hela isipite mkononi mwake, hapa najua nitachukiwa. Mtu mwenye madeni matatu akishika laki mbili, na mtoto anadai daftari na mwenye nyumba kapiga simu, ile laki mbili haifiki. Lipeni wenyewe ofisini mchukue risiti. Anzeni na lile deni la kila siku hata kama ndo dogo, maana ndo linalokula mtaji wa kesho, akishapumua asubuhi biashara inaanza kuamka na hayo mengine yanalipika.

Mume asipojua ni kazi ngumu. Sina jibu moja, wapo waliopigwa baada ya kusema na wapo ambao mume aliuza mbuzi deni likaisha wiki hiyohiyo. Mwamuzi ni mama mwenyewe, nyie msiende kumwambia mume nyuma yake.

Mtaulizwa pia kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024. Nzuri, ombeni kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, lakini ni ya mradi wa kikundi na ina mlolongo wake, mtu anayedaiwa leo jioni msimpe tumaini la hiyo. Iombeni ili mwakani tenga la nyanya likioza asirudi kulekule.

Siku ya kumaliza msiondoke pale ofisini kwa furaha tu. Dai barua ya kumaliza deni yenye muhuri, kadi ya benki kama wanayo, hati au kadi ya pikipiki ya original sio kopi, na mtu aliyemdhamini jina lake likatwe mbele yenu. Kuna waliomaliza, miezi ikapita, simu ikaanza tena kwamba kuna salio la faini.