Mashine imeandika P0118: usinunue sensa kabla hujapima waya

Taa ya cheki injini inawaka, fundi anachomeka mashine ya kusomea makosa, inaandika P0118, na papo hapo mwenye gari anaambiwa akanunue sensa ya joto la maji. Mambo haya nayaona mara kwa mara na yananiuma, kwa sababu kodi hiyo, yaani namba ya kosa, haijasema sensa imekufa. Inachosema ni kwamba volti za sakiti ya sensa hiyo zimepanda kupita kiasi. Na sakiti ni sensa, soketi, waya mbili na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Ubovu unaweza kukaa popote kati ya hapo.

Elewa kwanza umeme unavyopita. Kontroli boksi inatoa volti 5 kupitia rezista iliyo ndani yake, zinafika kwenye sensa kwa waya wa kwanza na kurudi arthi kwa waya wa pili. Sensa nayo ni rezista ambayo ukinzani wake unapungua maji yanavyopata moto. Injini ikiwa ya baridi volti zinakuwa nyingi, ikichemka zinashuka. Waya ukikatika, volti zinabaki 5, na kontroli boksi inaamini maji yana nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi isiyofika hata kileleni Kilimanjaro. Waya wa volti ukigusa bodi ya gari, volti zinakwisha na joto linasomeka 140 au zaidi. Hapo kodi inakuwa P0117. Zishike namba hizo mbili, −40 na 140. Kazi yote inazizunguka.

Unahitaji mashine inayoonyesha data zikibadilika, multimita ya dijitali na kipande kifupi cha waya mwembamba. Ile taa ya kupimia yenye balbu iache kwenye boksi la vifaa. Inavuta umeme mwingi na inaweza kuunguza kontroli boksi.

Hatua ya kwanza, anza asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha. Washa switchi bila kupiga stata, ufungue data, ulinganishe joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Yanatakiwa yakaribiane. Hewa ikisoma 27 na maji −40, waya umekatika mahali, au sensa imekatika ndani.

Hatua ya pili ni macho na vidole. Chomoa soketi utazame pini: kutu ya kijani, pini iliyorudi nyuma, maji yaliyoingia siku injini ilipooshwa kwa presha. Fuata waya mpaka unapopotea kwenye fungu la waya. Panya wanapenda sana waya za karibu na injini.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa kazi. Soketi ikiwa imechomolewa na switchi imewashwa, mashine lazima isome −40. Sasa ziunge pini mbili za soketi, upande wa waya, kwa kile kipande chako. Usomaji ukiruka hadi 140 au zaidi, waya zote mbili ni nzima na kontroli boksi inasoma. Rudi kwenye sensa na jinsi pini zake zinavyoshika. Ukibaki −40, ubovu uko kwenye waya, soketi au kontroli boksi, na sensa mpya haitauondoa. Kaa mbali na feni wakati huu, magari mengi huiwasha ghafla. Na usiunge hivi kwenye sensa ya waya tatu: unaweza kupiga shoti zile volti 5 ambazo sensa nyingine pia zinazitegemea.

Kama umebaki −40, tafuta waya upi umekatika. Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye kila pini ya soketi. Moja inatakiwa itoe karibu volti 5, nyingine karibu sifuri. Volti 5 zikiwepo, unga pini hiyo na arthi nzuri ya injini. Mashine ikiruka hadi 140, waya wa kurudi ndio uliokatika. Volti zisipokuwepo kabisa, fuata waya wa kwanza hadi kwenye kontroli boksi kabla hujailaumu yenyewe.

Kwa P0117 ni kinyume chake: chomoa soketi tu. Ikishuka hadi −40, sensa ina shoti ndani. Ikigoma kushuka, waya wa volti unagusa arthi njiani.

Sensa yenyewe ipime kwenye kikombe cha maji ukiwa na kipimajoto. Nyingi za magari ya Toyota husoma kati ya omu 2000 na 3000 kwenye nyuzi 20, na kati ya 200 na 400 kwenye nyuzi 80. Maji yetu ya bomba la Dar es Salaam yana joto zaidi ya 20, kwa hiyo usishtuke ukipata chini ya 2000.

Niliwahi kuletewa gari dogo lililokwisha kubadilishwa sensa mbili. Soketi safi, waya kwa nje mzima. Nikairudishia sensa, nikatikisa waya polepole huku nikitazama mashine: 31, 31, −40, 31. Sentimita chache kutoka kwenye soketi, shaba ilikuwa imekatika ndani ya plastiki. Tangu siku hiyo sisaini kazi ya sensa bila kutikisa waya.

Ukipata palipokatika, kata mpaka shaba inayong'aa, unga kwa risasi ya kuchomelea waya, vika mpira unaobana kwa joto. Kuviringisha kwa vidole na kufunga selotepu kutamrudisha mteja kwako mvua za kwanza zikinyesha. Kisha futa kodi, washa injini, na utazame joto likipanda taratibu bila kuruka mpaka feni ianze yenyewe na kuzima.